Mtoto kuchelewa kusema: Tusisubiri, tuanze na masikio

 

 Katika ukurasa wetu wa afya na usafi, leo tuzungumzie jambo linalowasumbua wazazi wengi kimyakimya, nalo ni mtoto kuchelewa kusema.

Usemi ni neema kubwa. Mwanzoni mwa Surat Ar-Rahman, Allah (SW) anapotukumbusha neema zake, mara tu baada ya kutaja kumuumba mwanadamu anataja kuwa amemfundisha kubainisha, yaani kueleza yaliyomo moyoni mwake. Na katika Surat An-Nahl, aya ya 78, anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui chochote, kisha akatupa kusikia, kuona na nyoyo. Kusikia kumetajwa mwanzo. Sisi tunaofanya kazi ya tiba tunaliona jambo hili kila siku. Mtoto hajifunzi kusema kwa ulimi peke yake, bali hujifunza kwa masikio. Kisichoingia sikioni hakitoki mdomoni.

Hata hivyo, mtoto wetu akichelewa kusema, wengi wetu tunakimbilia kuutazama ulimi na kuyasahau masikio. Wengine hatutazami chochote, tunasubiri tu.

"Atasema tu"

Mama akieleza wasiwasi wake nyumbani, majibu anayopewa yanajulikana. Bibi atasema, "Huyu ni wa kiume, wavulana huchelewa." Shangazi atasema, "Hata baba yake alisema akiwa na miaka minne." Jirani atasema, "Ukianza kumpeleka hospitali utamtia mkosi." Basi mama ananyamaza, na miezi inakwenda.

Ni kweli kwamba watoto hawalingani. Ni kweli pia kuwa wavulana, kwa wastani, huchelewa kidogo kuliko wasichana. Lakini tofauti hiyo ni ya mwezi mmoja au miwili tu, siyo ya miaka miwili. Na ni kweli kuwa wapo watoto waliochelewa kisha wakasema vizuri bila ya msaada wowote. Tatizo ni kwamba mtoto akiwa na umri wa miaka miwili, hakuna bibi wala tabibu anayeweza kumtazama kwa macho tu akajua kama huyu ni wa kundi hilo au ni mtoto asiyesikia.

Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hupokea lugha kwa wepesi mkubwa kuliko wakati wowote baadaye. Mtoto asiyesikia akigunduliwa akiwa na miezi michache, anaweza kusaidiwa akakaribiana na wenzake. Akigunduliwa akiwa na miaka sita, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi. Kumpima mtoto ambaye kumbe hana tatizo ni kupoteza asubuhi moja. Kutompima mtoto mwenye tatizo ni kumpotezea miaka ambayo hairudi.

Mtoto aseme nini, na lini?

Ufuatao ni mpangilio wa jumla ambao mzazi anaweza kuufuatilia nyumbani:

Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo, na hutulia akisikia sauti ya mama yake.

Miezi 4 hadi 6: hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka, hucheka na kutoa sauti za kujifurahisha.

Miezi 6 hadi 9: huanza kurudiarudia silabi, "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", "da-da-da".

Mwaka 1: hugeuka akiitwa jina lake, hupunga mkono wa kwaheri, huanza kuonesha kwa kidole, na wengi hutamka neno lao la kwanza.

Mwaka 1 na nusu: ana maneno kadhaa anayoyatumia kwa maana, na anaelewa agizo dogo kama "lete kiatu" bila ya kuoneshwa kwa mkono.

Miaka 2: ana maneno yapatayo 50, na anaunganisha maneno mawili, kama "maji baridi" au "baba njoo".

Miaka 3: anasema sentensi fupi za maneno matatu au zaidi, na hata mgeni anaelewa sehemu kubwa ya anayosema.

Haitarajiwi kuwa kila neno litamkwe sawasawa. Mtoto wa miaka miwili anayesema "tamaki" badala ya "samaki", au anayeshindwa kutamka "r", hana tatizo. Tunachotazama ni je, anasikia, anaelewa, na anajaribu kuwasiliana?

Dalili ambazo hazingoji

Mzazi ampeleke mtoto kwa mtaalamu, bila ya kusubiri, akiona mojawapo ya haya:

1. Hashtuki kwa kishindo, au hageuki kutafuta sauti akiwa na miezi 6.

2. Hajaanza kutamka silabi kama "ba-ba" akiwa na miezi 9 hadi 10. Hapa tuwe makini. Hata mtoto asiyesikia hutoa sauti katika miezi ya mwanzo, kisha sauti hizo hupungua badala ya kuongezeka.

3. Ametimiza mwaka lakini haoneshi kwa kidole, hapungi mkono, wala hajali akiitwa.

4. Ana mwaka 1 na nusu na hana neno hata moja.

5. Ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili.

6. Alikuwa anasema maneno, kisha akaacha. Hili ni la haraka katika umri wowote ule.

7. Mzazi ana shaka. Mama anayekaa na mtoto usiku na mchana akisema, "Huyu mwanangu hanisikii," tumuamini mpaka vipimo vioneshe vinginevyo.

Tuanze na masikio

Kati ya sababu zote za mtoto kuchelewa kusema, ya kwanza kuchunguzwa ni usikivu. Mtoto anaweza kuzaliwa hasikii kwa sababu ya kurithi, au kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito. Anaweza kupoteza kusikia kwa kuzaliwa na uzito mdogo sana, kwa kuchelewa kulia alipozaliwa, au kwa umanjano mkali wa siku za mwanzo. Baadaye anaweza kuathiriwa na surua, matumbwitumbwi au homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya dawa za sindano kama gentamaisini nazo huweza kuharibu usikivu, hasa zikitolewa bila ya kipimo sahihi. Dawa hizi huokoa maisha ya watoto wachanga, hivyo tusizikatae, lakini zitolewe na wenye ujuzi.

Ipo pia sababu nyingine iliyojaa mitaani kwetu, nayo ni sikio linalotoa usaha, au sikio lililojaa maji kwa ndani bila ya kutoa usaha nje. Mtoto huyu anasikia leo, kesho hasikii vizuri, na wazazi hudhani ni mkaidi.

Nakumbuka mtoto mmoja wa kiume aliyeletwa akiwa na umri wa miaka minne. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amekatwa chini ya ulimi na mtu wa mtaani, amekunywa kombe mara nyingi, na mama yake amelaumiwa na wakwe kuwa ndiye aliyemletea mtoto balaa. Nilipouliza kuhusu maradhi ya zamani, mama alisema mtoto alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi kumi. Niliita jina lake nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Niligonga kijiko kwenye kikombe, hakugeuka. Ndani ya miaka ile yote hakuna aliyekuwa amemuuliza mama yule swali hili: je, anasikia?

Baba yake alinijibu kwa haraka, "Anasikia, maana mlango ukibamizwa anageuka." Jibu hili huwapoteza wengi. Mtoto asiyesikia huhisi mtikisiko wa mlango kupitia sakafuni, huona kivuli, na huhisi upepo wa mtu anayepita. Tena wapo watoto wanaosikia sauti nzito kama ya ngoma au gari lakini hawasikii sauti nyembamba za maneno. Mtoto wa namna hii anasikia kuwa watu wanaongea, lakini hasikii wanasema nini.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio hili. Mtoto akae kwa mama yake akiwa ametulia. Mtu mwingine asimame nyuma yake hatua moja hivi, mahali ambapo mtoto haoni kivuli chake, na aite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ndogo. Arudie upande wa pili. Asipogeuka mara kadhaa, nendeni mkapime. Na hata akigeuka, ikiwa usemi umechelewa nendeni mkapime vilevile, kwa kuwa jaribio hili si kipimo cha hospitali. Vipo vipimo vinavyoweza kufanywa hata kwa mtoto mchanga aliyelala usingizi, kwa hiyo msikubali kuambiwa kuwa ni mdogo mno kupimwa. Na mtoto yeyote aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu ndani ya wiki chache baada ya kupona, hata kama anaonekana mzima.

Sababu nyingine

Masikio yakipimwa na kuonekana mazima, tabibu atachunguza mengine. Huenda mtoto amechelewa katika mambo yote, kukaa, kutembea na kucheza, kama inavyotokea kwa mwenye mtindio wa ubongo au aliyepata malaria kali ya kichwani. Huenda ana usonji, ambapo mbali ya kuchelewa kusema, mtoto hapendi kutazamana na watu, haoneshi kwa kidole kitu kilichomfurahisha, na hurudiarudia jambo moja kwa muda mrefu. Usonji hausababishwi na malezi mabaya, wala chanjo. Huenda pia mtoto ni mzima kwa kila jambo isipokuwa lugha peke yake ndiyo inamuwia nzito.

Vipi kuhusu ulimi? Ni kweli wapo watoto ambao kijinyama cha chini ya ulimi kimevuta sana. Hali hiyo inaweza kusumbua kunyonya, na kwa wachache huathiri matamshi ya baadhi ya herufi. Lakini haimfanyi mtoto akose maneno kabisa. Mtoto asiyesema hata neno moja, tatizo lake halipo chini ya ulimi. Kukata ulimi au kukata kimeo kwa wembe mitaani hakumfanyi aseme. Kinachopatikana ni kutoka damu nyingi, pepopunda, na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Ikiwa kuna haja ya kukata, daktari ndiye wa kuamua na kufanya.

Wengine hudhani mtoto anachanganywa na lugha mbili, Kiswahili kwa baba na lugha ya kabila kwa bibi. Hapana. Lugha mbili haziletei mtoto tatizo la usemi. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja, na kila mmoja azungumze naye kwa lugha anayoimudu vizuri.

Dua na tiba

Hatusemi watu waache kuwaombea watoto wao. Kisomo na dua ni katika dini yetu. Lakini Mtume (SAW) alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kuwa Allah (SW) hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Basi mzazi amuombee mtoto wake usiku, na asubuhi ampeleke kupimwa. Kosa ni kuifanya dua kuwa sababu ya kuchelewesha tiba, na kosa kubwa zaidi ni kumlaumu mama kwa jambo ambalo hakulichagua.

Nyumbani tufanye nini?

Wakati mnasubiri vipimo, na hata kwa mtoto asiye na tatizo lolote, yafuatayo yanasaidia sana:

Zungumza naye katika kazi za kila siku. Unapomuogesha mwambie, "Sasa tunaosha mkono, sasa tunaosha mguu." Unapopika mtajie kitunguu, nyanya na sufuria. Kaa usawa wa uso wake ili auone mdomo wako.

Ukimuuliza, subiri. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kumjibia. Watoto wengi hawapewi nafasi.

Ongeza juu ya alichosema. Akisema "maji", mwambie, "Unataka maji ya kunywa." Usimcheke wala usimlazimishe kwa kumkaripia, "Sema! Sema!"

Mpe vitu viwili achague: "Unataka ndizi au chungwa?" Usimpe kila kitu kabla hajaomba.

Tumia maneno yanayorudi kila siku. Sisi Waislamu tuna hazina hapa: Bismillahi kabla ya kula, Alhamdulillahi baada ya kula, salamu mlangoni, dua ya kulala. Neno linalorudi mahala palepale na wakati uleule ndilo mtoto hulishika upesi.

Punguza televisheni na simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limeshauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe kabisa mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Katuni humsemesha mtoto, lakini haimsubiri ajibu.

Kina baba nao wasidhani hii ni kazi ya wanawake. Amesimulia Anas bin Malik (RA), katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kuwa alikuwa na ndugu yake mdogo aliyekwisha achishwa ziwa, akiitwa Abu Umayr. Mtume (SAW) alikuwa akifika kwao humsemesha mtoto yule na kumuuliza habari za ndege wake mdogo. Ikiwa Mtume (SAW), pamoja na majukumu yote aliyokuwa nayo, alipata muda wa kumuuliza mtoto habari za ndege, sisi tunasema tuna shughuli gani?

Usafi na kinga ya masikio

Tukiwa katika usafi, tuyalinde masikio. Katika udhu tunapangusa masikio kwa vidole vyenye maji, na hiyo inatosha. Tusimuingizie mtoto njiti ya kiberiti, pini wala kijiti cha pamba ndani ya sikio. Nta hutoka yenyewe. Sikio likitoa usaha, tusilitie mafuta ya taa, maziwa ya mama wala maji ya majani. Likaushwe mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi na laini kilichosokotwa kama utambi, na mtoto apelekwe kituo cha afya apewe dawa. Usaha uliofika wiki mbili ni tatizo sugu, na ndio unaoharibu usikivu polepole.

Chanjo nazo ni kinga. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ilianza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Wengi hukosa ile ya pili, kwa hiyo tazama kadi ya kliniki. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na atumie chumvi yenye madini joto, kwani upungufu wa madini hayo unaweza kuathiri akili na usikivu wa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Neno kwa maustadhi

Tuliosoma madrasa tunawajua watoto hawa. Ni yule anayekaa nyuma, anayetazama midomo ya wenzake, anayechelewa kuitikia na kuchanganya herufi zinazofanana sauti. Mara nyingi ndiye anayepigwa bakora kuliko wote. Ustadhi, kabla ya kumuadhibu mtoto asiyejibu, muite ukiwa nyuma yake. Mkalishe mbele. Ukiona shaka, mwite mzazi wake. Huenda wewe ndiye utakayekuwa sababu ya mtoto huyo kupata msaada.

Akionekana hasikii?

Mlango haujafungwa. Anzeni zahanati au kliniki ya mtoto, muombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza zina huduma hiyo. Wapo wanaotibiwa sikio wakasikia, wapo wanaopewa vifaa vya kusaidia kusikia, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji wa kupandikiza vifaa ndani ya sikio, jambo ambalo zamani lilimlazimu mtoto kusafirishwa nje ya nchi.

Na asiyeweza kusaidiwa kwa vifaa apewe lugha ya alama mapema, na wazazi wake wajifunze pamoja naye. Lugha ya alama ni lugha kamili, na haimzuii mtoto kujifunza kusema. Mafaqihi wetu wameeleza kuwa ishara ya bubu inayofahamika husimama mahala pa maneno yake katika mikataba. Sheria imeiheshimu ishara yake, basi na sisi tusimwite kwa majina ya dharau, wala tusimfiche ndani, wala tusimnyime elimu ya dini yake na ya dunia.

Ndugu msomaji, mtoto mchanga anapozaliwa, jambo la mwanzo wengi wetu tunalomfanyia ni kumuadhinia sikioni. Tunaanza na sikio. Basi tuendelee kulijali sikio hilo. Kama una mtoto nyumbani mwenye dalili mojawapo tulizozitaja, usiseme mwezi ujao. Wiki hii chukua kadi yake ya kliniki, mpeleke, na swali lako la kwanza kwa tabibu liwe: "Naomba mwanangu apimwe kama anasikia."

Allah (SW) atujaalie watoto wetu wawe viburudisho vya macho yetu, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.